Siku Kumi na Nne na Jangwa Lililokuwa Mbali Mno: Kisa cha Mfanyakazi Mmoja wa Lubumbashi

Jioni moja ya mwezi wa Mei 2025, binti wa marehemu rafiki yangu alifika nyumbani kwangu Kampemba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, akiwa na kompyuta mkobani na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. Ana miaka thelathini na minne, na kwa miaka saba amekuwa akifanya kazi kwa wakala wa forodha anayeshughulikia nyaraka za malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Katanga kwenda bandarini. Mimi niliendesha malori hayo kwa miaka kumi na tisa kabla mgongo haujanizuia, na tangu nistaafu watu huniuliza habari za barabara za kusini. Nilidhani amekuja kuniuliza kuhusu dereva fulani. Aliketi, akakataa chai, akasema: "Papa, miye nilichoka. Nataka kuenda fasi kwenye hakuna muntu."

Ninakieleza kisa chake kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la kampuni yake, kwa sababu nimeona watu wengi wa kazi kama hiyo wakipanga safari ya kupumzika kwa namna inayowarudisha wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kazi yake ilikuwa hivi. Lori moja la shaba haliwezi kuvuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, bila tamko la forodha kuingizwa katika Sydonia, mfumo wa kompyuta wa mamlaka ya forodha, DGDA, bila vyeti vya OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, na vya CEEC, inayothibitisha madini, wala bila malipo kadhaa ambayo kila moja lina risiti yake. Karatasi moja ikikosa muhuri, lori linasimama. Lori likisimama, dereva anapiga simu. Na dereva hapigi simu saa za ofisi, anapiga anapokwama. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi mwezi wa Februari 2025, baadhi ya mizigo ilikuwa imekwisha kuandaliwa, na kwa wiki kadhaa yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wateja, madereva na wenye maghala jambo ambalo hakuwa na uwezo wa kulibadilisha. Aliniambia kwamba alikuwa ameanza kuweka simu chini ya mto, na kwamba mara mbili aliamka usiku kujibu simu ambayo haikuwa imelia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza hali ya namna hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, na likaieleza si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa, yenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo mzito au kwa chuki, na kuona kwamba mtu hafanyi tena lolote la maana. Binti huyu alikuwa na ya kwanza na ya pili bila shaka yoyote. Ya tatu hakuwa nayo, kwa kuwa alijua kabisa kwamba kazi ingesimama bila yeye, na nitaonyesha kwamba ujuzi huo ndio uliokuwa kikwazo kikubwa kuliko barabara yenyewe.

Alifungua kompyuta akanionyesha mpango wake. Alitaka kwenda jangwa la Namib, kule Namibia, kwa gari lake mwenyewe, akiwa na mdogo wake wa kiume. Alikuwa ameona picha za Sossusvlei: matuta ya mchanga mwekundu, na miti iliyokufa mamia ya miaka iliyopita ikiwa bado imesimama juu ya udongo mweupe wa Deadvlei. Ninaielewa tamaa hiyo. Niliwahi kulala Walvis Bay, bandari ya huko, mara nyingi nikisubiri kupakia, na ninaukumbuka ukungu unaotoka baharini asubuhi, unaoletwa na mkondo baridi wa Benguela, ukaingia jangwani na kuwapa maji wadudu na mimea ambayo mvua imeisahau. Hata samaki tunaowaita Thomson, wanaoliwa na bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za Lubumbashi, wengi wao huvuliwa katika bahari ile. Kwa mtu wa mji wetu, Namib si nchi ya ndotoni. Iko mwisho wa barabara yetu.

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kwanza, na niliiona kabla sijahesabu kilomita hata moja. Njia aliyoichora, yaani Kasumbalesa, Kitwe, Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone, Katima Mulilo, Rundu, Otavi, Swakopmund, ndiyo njia ya malori yake. Kila kituo alichokiandika alikuwa amekwisha kukitaja maelfu ya mara kwenye simu. Jedwali lake lilikuwa na safu za muda wa kufika, muda wa kuondoka, lita za mafuta, muda wa mpakani, na safu ya mwisho ya rangi nyekundu kwa ajili ya ucheleweshaji. Nilimwambia kwa upole kwamba huu ni waraka wa shehena, na kwamba shehena yenyewe ni yeye. Alinyamaza kwa muda, kisha akalia kidogo, nami nikajuta kwamba nililisema mapema mno.

Tulihesabu pamoja. Kutoka Lubumbashi hadi Swakopmund kwa njia hiyo ni karibu kilomita 2,500. Kutoka pwani hadi Sossusvlei na kurudi, kwa barabara ya changarawe inayopita mabonde ya Kuiseb na Gaub, ni kama 800 nyingine. Jumla ya safari nzima inakuwa kilomita 5,800. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya Oktoba 2002, inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi aliotumikia, kwa hiyo alikuwa na angalau siku kumi na mbili za kazi, ambazo pamoja na Jumapili zilizo katikati yake zinafika takriban wiki mbili. Gawanya 5,800 kwa siku 14, utapata zaidi ya kilomita 400 kila siku bila kupumzika hata siku moja. Kipimo changu, ambacho nimekipata kwa kuzika wenzangu, ni kwamba mtu asiye dereva wa kazi asipite kilomita 450 kwa siku, na siku ya mpaka asipite 250. Kwa kipimo hicho asingebakiwa na hata siku moja kamili ya kulitazama jangwa, na angelitazama akifikiria kurudi.

Yalikuwapo mambo mengine ambayo jedwali halikuyaona. Kwetu gari hupita kulia, lakini ukishavuka Kasumbalesa, Zambia, Namibia na Botswana zote hupita kushoto. Gari lake lina usukani kushoto, kama inavyofaa kwetu. Katika nchi ya kupita kushoto, dereva wa gari hilo huketi upande wa ukingo wa barabara, na anapokuwa nyuma ya lori lenye trela haoni kinachokuja mbele mpaka nusu ya gari lake iwe tayari imetoka. Kati ya Kapiri Mposhi na Lusaka jambo hilo linaua. Changarawe za Namibia nazo ni hatari ya aina nyingine: zinaonekana laini na tupu, mtu anajisahau, anafika kilomita 110 kwa saa, na kwenye kona gari linateleza na kupinduka bila kugongwa na chochote. Kilomita tano za mwisho kabla ya Sossusvlei ni mchanga mzito, unaohitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na matairi yaliyopunguzwa upepo. Gari lake halikuwa la namna hiyo.

Wengine wangemshauri apande ndege hadi Windhoek akakodi gari huko. Ni ushauri mzuri kwa mwenye fedha hizo, naye hakuwa nazo. Nilimwuliza basi swali ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuulizwa kabla ya ramani kufunguliwa: katika jangwa hilo unataka nini hasa? Hakutaja mchanga mwekundu. Alisema anataka kukaa mahali ambapo upeo wa macho haukatizwi na kitu, na ambapo hakuna lori linalopita. Alisema anataka kusikia kimya hadi achoke nacho.

Mahali hapo papo karibu zaidi. Magharibi ya Livingstone, ukilivuka daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021 juu ya Zambezi, unaingia Botswana. Ukishuka kama kilomita 300 unafika Nata, na kilomita 100 magharibi yake ni Gweta. Hapo ndipo zilipo nyanda za chumvi za Makgadikgadi, mabaki ya ziwa kubwa la kale lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, ndani ya eneo pana la Kalahari. Ni miongoni mwa nyanda kubwa za chumvi duniani. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, uso wake ni ukoko mweupe uliopasuka, usio na jani wala jiwe, na mtu akisimama katikati anaona mduara mzima wa dunia. Mibuyu mikubwa inasimama pembezoni. Kutoka Lubumbashi hadi Gweta ni karibu kilomita 1,500, yaani 3,000 kwenda na kurudi, na karibu njia yote ni lami.

Hakukubali mara moja. Aliona kwamba nimempunguzia ndoto, na kwa wiki mbili hakunipigia simu. Sikumlaumu, na hata leo sisemi kwamba Makgadikgadi ni sawa na Namib, maana si sawa. Nilichokuwa nacho ni hesabu: ule mpango wa kwanza haukumpa hata siku moja kamili jangwani, wa pili ulimpa siku nne.

Aliporudi alikuwa na swali lingine, na hilo ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Nani atapokea simu? Ofisini kwao kulikuwa na kijana mmoja aliyeweza kuingiza matamko, lakini hakuwa na idhini ya kusaini, na mkuu wao alikuwa amezoea kumtafuta binti huyu moja kwa moja kwa kila jambo. Yeye mwenyewe alisema mara tatu, kwa maneno yanayofanana, kwamba hakuna mwingine anayeijua kazi hiyo. Nilimwambia nilichokiona barabarani: dereva anayeshikilia kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kuliendesha lori fulani, siku moja hukutwa amelala kwenye usukani. Lakini maneno hayakutosha, na sikutegemea yatoshe. Tulichofanya ni kuandika, kwa jioni nne, kila aina ya tatizo lililokuwa limemwamsha usiku katika miezi mitatu iliyopita. Yalipatikana matatizo ya aina tisa tu. Sita kati yake kijana yule angeweza kuyatatua akiwa na karatasi ya maelekezo. Mawili yalihitaji saini, ambayo mkuu angeweza kuikaimisha. Na moja, yaani mteja anayefoka, halikuwa tatizo la nyaraka hata kidogo.

Ninaamini kwamba jioni zile nne zilimponya zaidi kuliko siku zozote nne zilizofuata. Alipoona usiku wake wote wa miezi mitatu umeenea katika mistari tisa, alivuta pumzi kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu azikwe baba yake.

Walikubaliana ofisini kwamba atasoma ujumbe mmoja tu kwa siku, saa kumi na mbili jioni, kutoka kwa yule kijana peke yake. Namba ya kazi aliiacha Lubumbashi, mikononi mwa kijana huyo. Mkuu alikubali kwa shingo upande, na alikubali kwa sababu maombi yalifika kwa maandishi, wiki sita kabla, yakiwa na jina la mtu wa kukaimu. Maombi ya mdomo yalikuwa yamekataliwa mara mbili mwaka uliotangulia.

Maandalizi mengine nitayapitia haraka. Pasi na viza zilishughulikiwa mapema kupitia balozi, kwa kuwa mambo ya viza yanabadilika na hayafai kuulizwa kwa madereva kama mimi. Kadi ya Njano ya COMESA ilimlindia bima ya gari Zambia. Botswana haimo katika mpango huo, kwa hiyo bima yake ilinunuliwa mpakani. Walibeba leseni za kimataifa, pembetatu mbili za tahadhari, matairi mawili ya akiba, na maji ya kutosha lita tano kwa kila mtu kwa siku. Nyama kavu aliyoiandaa mama yake niliikataza, jambo lililomuudhi mama, kwa sababu Botswana hudhibiti sana nyama kwa hofu ya ugonjwa wa midomo na kwato, na kwenye vituo vya mifugo abiria huteremka na kukanyaga dawa kwa viatu vyao.

Kuhusu usukani tulifanya jambo moja ambalo ninalisisitiza kwa kila mtu wa kwetu anayekwenda kusini. Mdogo wake alipewa kazi ya kuwa jicho la kulia. Hakuna kulipita lori mpaka aliyeketi kulia aseme "iko wazi", na anayeendesha naye aone kwa macho yake na kukubali. Mmoja akisita, wanabaki nyuma hata kama ni kwa nusu saa. Kwa siku mbili nzima niliwazungusha barabara ya Kasumbalesa wakifanya mazoezi ya kusemezana.

Waliondoka Jumapili ya kwanza ya Agosti, kabla ya mapambazuko. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali, na alinieleza baadaye kwamba alitambua namba za matatu kati yake, akajua kila moja linasubiri karatasi gani. Mdogo wake alimwomba afumbe macho mpaka wafike kizuizi, naye akafumba. Siku hiyo walilala Kitwe tu, ingawa jua lilikuwa bado juu. Siku ya pili walifika Mazabuka, kwenye mashamba ya miwa. Ya tatu Livingstone, ambako walipumzika siku nzima mbele ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Kati ya Kasane na Nata waliendesha mchana pekee, kwa kuwa tembo huvuka barabara ile wakati wowote na usiku hawaonekani mpaka uwafikie.

Gweta waliliacha gari. Hili nalo lilikuwa sharti langu. Ukoko wa chumvi unaonekana mgumu kama saruji, lakini chini yake mara nyingi kuna tope, na gari likivunja ukoko linazama hadi tumboni, mahali ambapo hakuna mti wa kufunga kamba. Watu wa pale wanajua alama za njia, mgeni hazijui. Walilipa gari la mwenyeji lililowapeleka uwandani na kuwarudisha, na usiku mbili kati ya nne walilala juu ya chumvi yenyewe, katika magodoro na mablanketi mazito, maana baridi ya Agosti huko usiku ni kali.

Nilimwuliza aliona nini. Alisema siku ya kwanza hakupumzika kabisa: mkono wake ulikuwa ukienda mfukoni kutafuta simu ya kazi ambayo haikuwapo, na moyo ukimwenda mbio kila ulipoikosa. Siku ya pili alilala tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kivulini, bila kuota. Siku ya tatu ndiyo aliyoitafuta. Alitembea peke yake kutoka kambini hadi watu wakawa nukta, akaketi chini, akasikia mlio masikioni ambao mwanzo aliudhani ni wa injini ya mbali. Kisha akatambua kwamba hakuna injini, ni damu yake mwenyewe inapita. Alikaa hapo mpaka jua likagusa chumvi. Aliniambia hayo polepole, akiangalia mikono yake, na sikutaka kumkatiza.

Jumbe za saa kumi na mbili zilikuwa fupi. Katika siku kumi na nne kijana yule alikwama mara moja tu kwa jambo ambalo halikuwa katika mistari tisa, akaliuliza, na likajibiwa kwa sentensi mbili. Alipokuwa uwandani, ambako mtandao haufiki, jumbe mbili hazikumfikia kabisa, na malori yalivuka.

Sasa kosa langu. Nilimpangia arudi Ijumaa, nikaweka siku moja ya akiba, nami niliridhika na jambo hilo. Siku ya akiba iliishia Chingola, kwa kuwa walifika huko jioni na sikutaka wavuke mpaka wakiwa wamechoka. Aliingia Lubumbashi Jumamosi saa mbili usiku, Jumapili akafua nguo na kuwasalimia wazazi wa mchumba wake, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu ya kazi ilikuwa mkononi mwake tena. Ndani ya siku tatu alikuwa akilala nayo chini ya mto. Ilipofika Oktoba, kobalti iliporuhusiwa tena kwa mgawo, na kila tani ikawa na hesabu yake, mzigo wa karatasi ukaongezeka kuliko mwanzo.

Kilichobaki ni ile karatasi ya mistari tisa, ambayo sasa ina kumi na mmoja na imebandikwa ukutani ofisini, na idhini ya kusaini ambayo kijana yule hajanyang'anywa. Usiku wa Jumatano na wa Jumamosi simu hulala kwa kijana huyo. Binti huyu ameanza kuweka akiba kwa ajili ya Namib mwaka 2027, na anaomba likizo za miaka miwili ziunganishwe. Safari hii tumeanza kuandika kutoka mwisho: gari liwe limeingia Lubumbashi Alhamisi, simu ibaki kwa kijana hadi Jumatatu, na kilomita zitakazobaki baada ya hapo ndizo zitakazotuambia kama Sossusvlei inafikika au la.